Nani Kamfunga Bosi?

Nyumbani kwetu tulikuwa watu wazima wanne na bosi mmoja. Bosi alikuwa na miaka miwili na nusu, na kitasa cha mlango alikifikia kwa kujinyoosha, lakini hakuna aliyekula, kulala wala kucheka sawasawa mpaka yeye apate choo. Na Bosi, kama mabosi wengi, alikuwa mzito wa kutoa.

Usidhani namfanyia mzaha mtoto. Kumtazama kulikuwa kunauma. Ikifika siku ya tatu bila choo, anajibanza nyuma ya pazia, anasimama kwa ncha za vidole, anakaza miguu kama askari kwenye gwaride, uso unamwiva, machozi yanamtoka bila sauti. Sisi tunajipanga upande wa pili wa pazia tukimpigia makofi. "Sukuma, Bosi! Sukuma, baba!" Siku ya nne au ya tano kitu kikitoka, ni kigumu kama kokoto, kina utepe wa damu, na kilio chake kinasikika kutoka kwetu ghorofa ya tatu hadi chini bombani. Baadaye anakaa salama wiki moja, wiki mbili, sisi tunasahau. Kisha pazia linaanza kutikisika tena.

Hao watu wazima wanne ni hawa. Dada yangu, mama yake Bosi, anashona sare kiwandani. Mumewe, ambaye namwita Shemeji, anaoka mikate. Anaondoka alfajiri watu wamelala, anarudi mchana akinukia hamira. Bibi ni mama yake Shemeji. Ana nguvu za kumteremsha mtoto ngazi asubuhi, hana za kumkimbiza kutwa. Wa nne ni mimi, mjomba mtu, niliyemaliza kidato cha nne na sasa najifunza ufundi wa pasi na feni.

Mchana Bosi alikuwa analelewa chumba cha chini kabisa kwa Mama Sindano, mjane mmoja anayepunguza suruali na kushona pindo huku akilea watoto wanne: huyu wetu, mapacha wa msusi, na binti wa mama muuza viatu.

Jumamosi moja tulimpeleka Bosi kliniki kwa mara ya tatu. Muuguzi alimbonyeza tumbo, akatutazama mmoja mmoja kama mwalimu aliyekuta dirisha limevunjwa.

"Ile poda ya kulainisha choo mnampa?"

"Kila asubuhi," alisema Bibi.

"Na maziwa? Niliwaambia chupa iishe, vikombe viwili kwa siku, vinatosha."

"Chupa nilizitupa mwenyewe," alisema Dada. Ni kweli. Alizitupa zote mbele yetu, akaapa kwamba atakayemkamata na chupa humu ndani, atamfanya ainyonye yeye.

"Basi kuna mahali panavuja," alisema muuguzi, na akaandika kitu ambacho hatukuoneshwa. Alitupa maelekezo ya kuongeza poda siku mbili za mwanzo, choo kikatoka, tukashukuru. Lakini lile neno lake tulirudi nalo nyumbani, na tangu hapo kila mtu akawa anamtazama mwenzake mikononi.

Jioni tukiwa mezani hakuna aliyeongea. Mimi kimya kikizidi huwa nawashwa. Nikasema, "Labda Mama Sindano kamshona. Yule mama akiona tundu lolote, mkono unamcheza."

Shemeji alipaliwa na chai. Hata Dada alicheka, naye alikuwa hajacheka wiki nzima. Nililala nikiwa najisikia mtu wa maana.

Jumatatu jioni Dada alirudi kazini, akafunga mlango nyuma yake, akateremsha sauti.

"Unajua watu wanasema nini? Mama Sindano anawapa watoto kitu cha kuwafunga tumbo. Ili asihangaike na nepi."

"Watu gani?"

"Msusi kaniambia. Naye kasikia bombani."

"Na bombani walisikia wapi?"

Dada aliangalia dari. "Mimi niliwasimulia tu ule mzaha wako."

Basi mzaha wangu ulitoka nyumbani Jumamosi ukiwa uchi, ukarudi Jumatatu umevaa suti. Na ubaya wake ni kwamba suti ilimkaa. Uongo usio na sababu hufia njiani. Huu ulikuwa na sababu, tena ya kuingia akilini. Mwanamke mmoja, watoto wanne, nepi juu ya nepi. Nilijikuta nimeanza kujiuliza: kwa nini hajawahi kulalamika kwetu kwamba Bosi hapati choo? Mtu asiyelalamikia jambo, si ana faida nalo?

"Lisemwalo lipo," alisema Dada.

"Kama halipo laja," nikamalizia, "na hili nimelileta mimi."

Hakucheka. "Fundi wako kasafiri, huna kazi wiki hii. Kakae pale chini umchunguze. Ijumaa mtoto akiwa amefunga tena, namtoa, na sababu nitaitangaza uani kwa sauti, kila mzazi asikie."

Nilijua maana yake. Sauti ya Dada imezoea kushindana na cherehani mia mbili.

Jumanne nilibisha hodi kwa Mama Sindano na sanduku langu la vifaa, nikijifanya msamaria wa pasi. Pasi yake ilikuwa haishiki moto, na feni yake ilikuwa inazunguka kwa mawazo. Kazi zote mbili ni za nusu saa. Niliamua zitachukua siku nne.

Chumba kilikuwa safi kupita kiasi, jambo lililonitia shaka papo hapo. Mlango wake ulikuwa wa vipande viwili: cha chini kinafungwa watoto wasitoke, cha juu kinaachwa wazi hewa iingie. Cherehani dirishani, mkeka katikati, na nyuma ya kipazia poti nne za plastiki zimepangwa kama viti vya kinyozi. Kila baada ya muda anawanywesha watoto maji kwa vikombe vidogo. Baada ya kula anawaketisha wote kwenye poti, anawaimbia kidogo, kisha anaondoka kama hana habari nao. Chakula kilikuwa maharage, viazi na kipande cha papai. Nilionja maharage kwa kisingizio cha njaa. Yalikuwa maharage tu.

Bosi hakula. Alisukuma sahani, akasukuma kikombe cha maji, akaenda kulala mkekani kama mtu aliyetoka karamuni.

Halafu niliziona zile nyuzi.

Ukutani kulikuwa na misumari minne, na kila msumari umening'iniza uzi wa rangi yake. Pacha mmoja alipotoka nyuma ya kipazia, Mama Sindano alinawa mikono, akaenda ukutani, akashika uzi wa njano, akatamka jina la mtoto kwa sauti ya chini, akafunga fundo. Akakaza. Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi, na bisibisi ikatulia hewani. Nimesoma biolojia miaka minne, na hakuna ukurasa unaosema fundo la uzi linaweza kuziba utumbo wa mtu. Lakini nywele za shingo yangu hazikusoma biolojia.

Jioni nilimweleza Dada. Alijishika kifua. Nilipaswa kunyamaza, najua. Jumatano mapacha hawakuja.

Alhamisi asubuhi mama muuza viatu alimchukua binti yake mlangoni hata kabla hajavua viatu, bila kusema neno. Tulibaki watatu chumbani: Mama Sindano, Bosi, na mpelelezi. Cherehani ilikaa kimya. Nilikuwa nimeifungua pasi kwa mara ya tano.

"Kijana."

"Naam, Mama."

"Pasi yangu ina ugonjwa gani?"

"Waya wa ndani, Mama. Umechoka."

"Juzi ulisema plagi. Jana ukasema sahani ya moto. Kesho utaniambia ina mimba?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliweka mikasi chini, akaikunja mikono.

"Nimelea watoto kwenye chumba hiki miaka kumi na moja. Kuna wengine sasa wananipita urefu, wakiniona wananiamkia. Leo mama wa mtoto ananinyang'anya mwanawe kama ananitoa mkononi kisu. Cherehani peke yake hainiweki mjini, kijana. Wakiondoka watoto, naondoka na mimi. Sasa nitazame, uniambie. Wanasema nini?"

Niliweka bisibisi chini. Nilimwambia. Nilimwambia la nepi, na la bombani. La kwamba mbegu ilikuwa yangu nililiacha mwisho, nalo nikalisema nikiitazama pasi.

Aliishika tena mikasi, akaifunga taratibu. Kisha akaniuliza, "Na hizo nyuzi umewaambia ni nini?"

"Sijui ni nini, Mama."

"Hujui, lakini umewaambia." Akasimama, akautungua uzi wa bluu, akauweka mapajani pangu. "Huu ni wa kwenu. Mkono wangu una uzi kutwa nzima, kalamu nitaitafuta saa ngapi? Fundo moja, choo kimoja. Kitanzi, chakula alichokataa. Kipande chekundu ni Ijumaa, wiki imeisha. Miaka kumi na moja nawahesabia hivi, mama wa mtoto akiniuliza nina jibu. Dada yako hajawahi kuniuliza. Bibi yenu nimemweleza mara mbili kwamba mtoto anakuja kwangu asubuhi tumbo limejaa kama ngoma, hataki chakula, hataki maji. Kanijibu, 'Hajala kitu.' Nikajiuliza, hawa watu wanamshibisha mtoto nini wasichotaka kukisema?"

Kumbe sisi tunamchunguza, naye alikuwa anatuchunguza.

Nilipitisha uzi vidoleni. Vitanzi, vitanzi, fundo. Vitanzi, vitanzi. Kisha ghafla, kati ya vipande vyekundu vitatu, mafundo yalisongamana kama shanga.

"Hapa alikuwa anapata kila siku," nilisema.

"Wiki mbili. Halafu pakakauka. Sasa wewe uliyesoma niambie: wiki hizo mbili, nani hakuwepo kwenu?"

Nilihesabu Ijumaa kurudi nyuma. Wiki zile mbili Bibi alikuwa kwa binti yake aliyejifungua. Na asubuhi tulikuwa tunampa dawa mimi na Dada.

"Na jambo jingine," alisema Mama Sindano. Bosi alikuwa ameamka, amekwenda kujibanza kwenye kona, yuko juu ya vidole, miguu imekazwa. "Mnampigia makofi asukume. Huyo hasukumi. Anazuia. Choo kilimuuma siku moja, sasa anakiogopa, anakirudisha ndani. Mtazame visigino. Mtu anayesukuma hasimami hivyo."

Nilimtazama. Sikujua nimwamini nani. Shaka ni kama chawa. Ukimtoa kwenye kichwa kimoja anahamia kingine. Yangu ilipanda ngazi, ghorofa ya tatu.

Mchana huo Bibi alikuwa amelala. Nilinyata hadi kwenye kabati la vyombo, nikaliinua kopo la poda. Lilikuwa la vijiko thelathini na tulilifungua wiki tatu nyuma, Bibi akiwa amesharudi. Lilipaswa kuwa jepesi kama ahadi. Lilikuwa zito. Nililifungua: poda ilikuwa imeshuka vidole viwili tu.

Nikalirudisha mahali pake. Ijumaa asubuhi nilijifanya nimelala, jicho kwenye mwanya wa mlango. Bibi alichukua kikombe, akamimina maji, akachukua kijiko. Akakoroga. Akakoroga tena, kwa bidii kabisa, ting'i ting'i ting'i, ili anayesikia asikie. Kopo hakuligusa. Bosi akanywa maji yake matupu, Bibi akampangusa mdomo.

Nilibaki na hilo moyoni kutwa, kama mtu aliyemeza kokoto. Nilifikiria kulisema kwa mzaha. Nilitunga mizaha mitatu, yote mizuri. Nikaiacha.

Jioni Dada aliingia na mkoba begani. Bosi alikuwa nyuma ya pazia, visigino juu, siku ya nne. Dada aliisikia ile pumzi yake, akaweka mkoba kitini, akageuka tena kuelekea mlangoni. Nilimwahi.

"Toka hapo."

"Dada, subiri kidogo."

"Nimesubiri tangu Jumatatu. Leo mwanamke yule atanieleza anamlisha nini mwanangu. Toka!"

"Hamlishi kitu. Ni sisi."

"Huo mzaha wako mwingine uuweke."

Nilitembea hadi kabatini, nikaliweka kopo mezani, nikafungua kifuniko. Dada alichungulia. Alihesabu kwa macho, nikaona midomo ikitembea. Kisha akamgeukia mama mkwe wake polepole.

"Mama?"

Bibi alijiweka sawa kitini. "Dawa ni ya mgonjwa. Mtoto akifika siku ya tano hajapata choo, nampa. Akifunguka naacha. Mnataka tumbo lake lizoee kuhongwa? Likizoea, halitafanya kazi bure mpaka anaoa."

"Na asubuhi ulikuwa unamkorogea nini?"

"Maji."

"Maji na nini?"

"Maji hayajawahi kumdhuru mtu."

"Mama!" alisema Shemeji kutoka kwenye kochi. "Sisi tunalaumu watu huko chini, kumbe wewe—"

Hilo lilikuwa kosa lake. Bibi ana subira, lakini si ya kulaumiwa na mtu aliyemzaa.

"Aa! Kumbe leo ni siku ya kupekuana? Vizuri. Baba Bosi, fungua mfuko wako wa mikate."

"Mfuko una mikate."

"Chini ya mikate."

Shemeji hakusogea. Nilisogea mimi. Chini ya mikate miwili, imeviringishwa kwenye kitambaa cheupe cha kazi, ilikuwa chupa ya mtoto. Ina tone la maziwa kitakoni.

"Ananishika mguu nikitoka!" Shemeji alisimama. "Mtoto analia alfajiri, jengo zima linaamka. Nampa moja, analala, naenda kazini. Moja! Kwa siku, moja tu! Na mjomba mtu asijifanye hakimu hapa. Tuambie, sanduku lako la vifaa lina nini chini ya koleo?"

Nilifikiri hajui. Chupa yangu nilikuwa naitumia saa za jioni, nikitaka kumaliza kazi ya mtu bila Bosi kuning'inia kwenye waya za umeme. Niliitoa, nikaiweka kando ya ile ya kwanza. "Moja tu," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ileile ya Shemeji.

Bibi alinyanyuka bila kuulizwa, akaenda chumbani, akarudi na ya tatu aliyokuwa anaificha chini ya mto. "Simteremshi mjukuu wangu kwa watu akiwa na njaa, waje waseme kwetu hakuna. Nampa ndiyo tunashuka."

Dada alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni, anazitazama chupa tatu kama hakimu aliyeletewa vielelezo. Alianza kwa sauti ya chini, akapanda. "Nilisema nini mimi? Nilisema nini kuhusu chupa? Kila mtu humu ndani ni mwizi! Mume mwizi, ndugu mwizi—"

Pazia likasogea. Bosi alitoka, miguu imebanana, uso umelowa. Aliziangalia chupa tatu mezani, akaona hazina kitu, akazipita. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti, akatumbukiza mkono kwenye mkoba wa mama yake mpaka begani, akatafuta, akavuta. Akaitoa ya nne, imejaa, ina ubaridi.

"Ziwa," alisema.

Shemeji alirudi kochini, akaketi.

"Nyani," alisema Bibi, akiuambia ukuta, "haoni kundule."

Dada alikaa chini pale pale alipokuwa, sakafuni. "Ya kulalia," alisema. "Ni ya kulalia tu. Naamka gizani, nashona kutwa, akilia usiku nashindwa kusimama. Moja tu."

"Moja tu," alirudia Shemeji, bila ubaya.

Nne mara moja tu, jumlisha vikombe viwili vya mezani ambavyo kila mtu alivijua. Tumbo la miaka miwili na nusu. Viazi vya Mama Sindano vingekaa wapi? Maji yangepita wapi? Na kila mmoja wetu alikuwa ametembea wiki nzima akimtilia shaka mwanamke aliyekuwa anafunga vitanzi kwenye uzi kwa sababu ya chupa zetu.

Jumamosi tulikwenda kliniki wote, Bibi akilibeba kopo mwenyewe kama mtu anayepeleka maiti ya kuku aliyemuua. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho. Hakutugombeza, alionekana tu kama amepata funguo zilizopotea.

"Dawa hii hailifanyi tumbo kuwa vivu, Bibi. Inalainisha choo kisimuume. Kisipomuuma mwezi, miezi miwili, mitatu, ndipo atasahau kuogopa. Mkiacha akipata nafuu tu, kinarudi kigumu, anaogopa upya, mnaanza moja. Mimi ndiye nitakayesema basi, si ninyi." Alirudia yaleyale: maziwa vikombe viwili, hakuna chupa. Maji. Matunda, mboga, maharage. Poti baada ya kula, dakika tano, miguu imekanyaga kigoda, asikemewe. "Na msimsimamie. Nani anaweza huku anapigiwa makofi? Tena mlisema anasukuma. Hasukumi huyo. Anazuia."

Dada alinitazama. Nilikuwa nimemweleza usiku uliopita kwamba hilo limeshasemwa ghorofa ya chini, na mtu asiye na sare.

Jumapili mchana, baada ya vijiko vya poda na vikombe vya maji, Dada alimketisha Bosi kwenye poti na kututoa nje wote. Tulikaa kwenye ngazi mstari mmoja, kimya, kama watahiniwa wanaosubiri matokeo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nilitaka kusema. Kisha tukamsikia akicheka mwenyewe mle ndani. Bibi alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nilishuka wakati huohuo kwenda kwa msusi. Alikuwa anasuka mteja mlangoni kwake, mapacha wanagombania kitana.

"Nimekuja kusema kwamba Mama Sindano hana kosa lolote. Lile neno nililitunga mimi. Mtoto wetu tulikuwa tunamfunga sisi wenyewe, kwa maziwa."

"Ehe," alisema msusi, tabasamu limeshajiandaa. "Endelea."

"Hakuna endelea."

"We naye! Si wewe ndiye uliyesema kamshona?"

"Kamshona nani?" aliuliza mteja. Msusi akamsimulia, na mteja akacheka mpaka msuko ukamponyoka msusi mkononi. Nikauona mzaha wangu ukivaa viatu tena mbele yangu, unajiandaa kutoka. Nilisema naapa. Wakacheka zaidi. Kadiri nilivyokaza uso ndivyo nilivyozidi kuwachekesha.

Nilipanda nikamwita Dada. Hakubisha. Aliteremka, akasimama pale pale, akasema kwa ile sauti ya cherehani mia mbili, uani kote wakasikia: "Mimi ndiye niliyelitangaza. Nilikosea. Chupa zilikuwa nne na moja ilikuwa yangu." Kicheko kilikatika. Mama muuza viatu alitoa kichwa dirishani, akasikiliza, akasema kesho atamrudisha binti. Msusi aliendelea kusuka, macho chini.

"Au kawapa kitu ili mseme hivyo?" aliuliza.

Jumatatu asubuhi nilimpeleka Bosi mwenyewe, pasi iliyopona nimeishika mkono mmoja. Mama Sindano alisimama nyuma ya kipande cha chini cha mlango. Hakutabasamu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Maziwa?"

"Kikombe kimoja."

"Dawa?"

"Kijiko, nimekoroga mwenyewe."

Aliinama akanusa mdomo wa mtoto. Aliridhika, au alijifanya. Alimnyanyua Bosi juu ya mlango, akamtua ndani, akachukua pasi. Nilitaka kuingia niichomeke plagi aone inavyofanya kazi. Aliweka mkono.

"Wewe humu huingii tena. Utaishia hapo. Na hilo sanduku, lifungue."

"Mama, nakwenda kazini, lina spana tu."

"Lifungue."

Ilikuwa saa ya foleni ya maji. Watu kama kumi walikuwa bombani na ndoo zao, wote shingo zimegeukia kwetu, msusi katikati yao na mapacha wake, mmoja kila mkono. Kulikuwa na maneno mengi mazuri ya kusema pale, yalinijaa mdomoni. Niliyameza. Nikachuchumaa kizingitini, nikalifungua sanduku.

Mama Sindano alifungua kipande cha chini cha mlango, akachuchumaa, akapekua bila haraka. Alitoa koleo, bisibisi, spana moja baada ya nyingine, akakunjua hata kitambaa cha mafuta akakichungulia kwenye mwanga. Kila kitu alikipanga sakafuni, kila mtu akione. Mimi nilikaa vilevile, mikono magotini, nikaacha apekue, na nilipoona amebakiza kifuko cha misumari, nikamsogezea mwenyewe.

Bombani ndoo ya mtu ilijaa ikamwagika, hakuna aliyeishughulikia. Pacha mmoja alimponyoka mama yake mkononi, akakimbia uani mbio, akapita pembeni yangu, akapenya mlangoni hadi ndani.

Msusi alimwita mara mbili. Mara ya tatu hakuita.